Diski ya nje kwenye ruta: inaonekana, inapotea, halafu Windows inagoma na 0x80070035

Mkuu, umesema hivi: diski ya TB 2 ya inchi 2.5 imechomekwa kwenye USB ya ruta, simu leo inaiona kesho haiioni, ukinakili filamu kubwa inakatika katikati, na laptopu ya Windows 11 inakujibu 0x80070035. Umeshafomati mara mbili na umepiga Windows upya. Hayo mawili ya mwisho hayakuwa na haja, maana dalili zako ni za magonjwa mawili yaliyokutana nyumba moja. Kupotea na kukatika kunanuka umeme. Hiyo 0x80070035 ni ruta na Windows kutoelewana lugha. Ukitibu moja tu utadhani hujafanya kitu, kwa sababu la pili bado lipo pale pale. Usiguse Windows mpaka ruta yenyewe, kwenye ukurasa wake wa mipangilio, iwe inaionyesha diski muda wote bila kuyumba.

Anza na umeme. Kwa kanuni poti ya USB 2.0 inatoa miliampia 500 kwa volti 5, na ya USB 3.0 inatoa 900. Geuza diski usome lebo: nyingi za inchi 2.5 zimeandikwa 5V na kitu kati ya 0.7A na 1A. Kiasi hicho kinatakiwa hasa zile sekunde chache za mwanzo mota inapoanza kuzungusha sahani, na tena diski inapoandika mfululizo. Laptopu nyingi huvumilia na kutoa zaidi kidogo ya kanuni. Ruta haina uvumilivu huo: adapta yake ya 12V 1A ni wati 12 tu, na hizo hizo zinalisha redio mbili za Wi-Fi, kichakataji na poti za waya. Ndiyo maana diski inapita kwenye laptopu halafu inazimia kwenye ruta. Sikiliza: mlio wa tik… tik… unaojirudia, taa ya diski kuwaka na kuzima, au ruta nzima kujiwasha upya unapoanza kunakili. Hapo usihangaike na mipangilio yoyote.

Kuthibitisha ni rahisi. Tafuta flashi ya GB 8 au 16, ifomati FAT32, ichomeke pale pale ilipokuwa diski. Flashi inakula umeme kidogo sana. Ukinakili GB 3 kwenda na kurudi bila kukatika, poti ya ruta na huduma yake ya kushea ni nzima, na mshukiwa anabaki diski au umeme wake. Kisha chomeka diski kwenye laptopu kwa waya uleule (usibadilishe, waya nao ni mtuhumiwa) na nakili GB 20 hivi. Ikipita, diski na waya ni wazima, lawama zote ziende kwa umeme wa ruta. Ikikatika hata hapo, badilisha waya kwanza. Zile soketi pana bapa za USB 3.0 hulegea haraka kwa kuchomwa na kuchomolewa. Ikikatika na waya mpya, fungua CrystalDiskInfo (programu inayosoma afya ya diski) uangalie mistari miwili: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na C5, sekta zinazosubiri hukumu. C5 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, toa data zako kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Watu wengi hukimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski inayokufa, ikasagwa masaa manane na kufia njiani na picha za familia.

Dawa ya umeme ni habu ya USB yenye adapta yake, 5V 2A au zaidi. Diski kwenye habu, habu kwenye ruta. Waya wenye vichwa viwili vya USB nao husaidia, kimoja kwenye ruta na kingine kwenye chaja ya simu, ila mimi ningenunua habu. Jihadhari na habu za bei ya kutupa: baadhi hurudisha umeme kinyumenyume kuingia kwenye ruta. Ipime kwa kuchomoa adapta ya ruta habu ikiwa bado imechomekwa. Taa za ruta zikibaki zinawaka hata kwa ufifi, irudishe dukani. Adapta ya ruta yenyewe unaweza kuipandisha kutoka 12V 1A hadi 12V 2A bila madhara, mradi volti ziwe zilezile, alama za chanya na hasi zifanane, na kichwa kiingie bila kucheza. Volti usibadilishe kamwe. Diski za inchi 3.5 hazina kesi hii, kwa sababu zinakuja na adapta yake ya 12V. Na waya kati ya habu na diski uwe mfupi, nusu mita inatosha. Waya mrefu mwembamba unakula volti njiani.

Diski ikishatulia, angalia mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili. FAT32 inasomwa na kila ruta, lakini haipokei faili la GB 4 au zaidi, na hilo peke yake linatosha kukatisha filamu kubwa, kwa hiyo hakikisha hukuichagua ulipofomati. exFAT ni nzuri kwenye kompyuta, lakini keneli (kiini) ya Linux, mfumo unaoendesha ruta nyingi, ilianza kuja na msaada wake mwaka 2019 tu, kwenye toleo la 5.4, na ruta nyingi zinaendeshwa na keneli za zamani kuliko hapo. Kama mtengenezaji hakuongeza mwenyewe, ruta inaona kifaa bila kuona kilichomo. Kwa nyumba yenye Windows, NTFS, mfumo wa faili wa Windows yenyewe, ndiyo salama zaidi. Kuna ruta kongwe ambazo hazisomi GPT, jedwali jipya la kugawa diski. Kwa diski ya TB 2 au chini yake tumia MBR, jedwali la zamani. Diski iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows), au kwa neno la siri la programu ya mtengenezaji, ruta haina pa kuandika hilo neno, kwa hiyo haitafunguka.

NTFS ina mtego wake: unasoma vizuri, ukiandika inakataa. Hiyo ni alama ya "uchafu" iliyobaki baada ya diski kuchomolewa bila kuagwa au umeme kukatika, na ruta inaifungua kwa kusoma tu ili isiharibu zaidi. Irudishe kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk E: /f (weka herufi ya diski yako), kisha itoe kwa utaratibu. Windows yenye "Fast startup" nayo huacha diski katika hali ya nusu usingizi ukizima laptopu ikiwa bado imechomekwa. Zima kwa shutdown /s /t 0, huko ndiko kuzima kwa kweli.

Sasa 0x80070035. Maana yake ni njia ya mtandao haikupatikana, na hiyo ina sababu nne au tano, kwa hiyo usikisie. Kwanza, usitegemee ruta ijitokeze yenyewe kwenye orodha ya "Network". Orodha ile ya zamani iliegemea SMB1 (nitaieleza hapo chini), na kutoonekana pale si ushahidi wa chochote. Andika ipconfig, soma "Default Gateway", halafu kwenye upau wa anwani wa File Explorer andika \\192.168.1.1 (au namba uliyoiona). Pili, fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.1 -Port 445

Mstari wa mwisho ukisema False, hujafika hata mlangoni. Huduma ya kushea imezimwa kwenye ruta, au upo kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kazi yake hasa ni kukuzuia usifike huku. Kuna na hili linalowasumbua wengi wenye faiba: kisanduku cha faiba kina Wi-Fi yake, na nyuma yake umefunga ruta uliyonunua yenye diski. Laptopu ikiwa kwenye Wi-Fi ya kisanduku, ruta ya pili inaiona kama mtu wa nje na kuifungia. Hamia kwenye Wi-Fi ya ruta yenye diski, au weka ruta hiyo katika hali ya "Access Point" ili nyumba nzima iwe mtandao mmoja. Nenda na simu yako uangalie imeunganishwa wapi. Huenda ndiyo siri ya leo inaona kesho haioni.

Ikisema True na bado inagoma, tatizo ni lugha. SMB ndiyo itifaki ya kushea mafaili, na toleo lake la kwanza, SMB1, ndilo mlango uliotumiwa na WannaCry, virusi vya kudai fidia, Mei 2017. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, la Oktoba 2017, Microsoft hawaliwashi tena kwa kawaida. Ruta nyingi za bei nafuu zinajua hilo toleo tu. Simu inafanikiwa kwa sababu baadhi ya programu za mafaili za Android bado zinalikubali. Na kama uliwahi kuliwasha kwenye Windows likafanya kazi halafu baada ya wiki mbili tatu likazimika "lenyewe", hujarogwa: Windows huweza kuliondoa likikaa siku 15 bila kutumika.

Tafuta kwanza famwea mpya ya ruta (programu yake ya ndani), kisha angalia kwenye ukurasa wa USB kama kuna chaguo la SMB2 au SMB3. Likiwepo, umemaliza. Lisipokuwepo, ningetumia FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, ndani ya nyumba tu, kwa programu ya FileZilla au WinSCP, kuliko kurudisha SMB1. Ukilazimika kabisa, nenda "Turn Windows features on or off", fungua "SMB 1.0/CIFS File Sharing Support", weka tiki kwenye Client peke yake. Server usiiguse.

Windows 11 toleo la 24H2 ina kizingiti kingine. Matoleo ya Pro, Enterprise na Education sasa yanadai mawasiliano ya SMB yawe na saini (alama ya kidijitali ya kuthibitisha mtumaji), na mgeni asiye na neno la siri hawezi kuweka saini. Kwa hiyo ile tabia ya kuacha diski wazi bila jina wala neno la siri imekwisha muda wake. Tengeneza mtumiaji kwenye ukurasa wa kushea wa ruta (mara nyingi si yule wa kuingilia mipangilio, watu huchanganya), halafu:

net use Z: \\192.168.1.1\sda1 /user:jina *

Nyota inafanya uulizwe neno la siri bila kuliandika wazi. Jina sda1 linategemea ruta, lisome kwenye ukurasa wake. Ukipata kosa 1219, Windows bado imeshikilia jina la zamani: net use * /delete, kisha ufute kumbukumbu ya anwani hiyo kwenye Credential Manager na ujaribu tena. Kama ruta haiwezi saini kabisa, Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false inaondoa sharti, lakini inaliondoa kwa mitandao yote utakayounganisha, hata ya hotelini. Laptopu inayosafiri nisingeifanyia hivyo.

Kuhusu kasi, shusha matarajio. Poti ya waya ya megabiti 100 haivuki megabaiti 11 hivi kwa sekunde, yaani filamu ya GB 4 ni kama dakika sita. Kichakataji cha ruta ndogo kikisoma NTFS huchoka kabla ya hapo. Ukipata 3 hadi 8 usishangae. Na kama Wi-Fi ya 2.4 GHz inadhoofika kila unapochomeka diski ya USB 3.0, si uchawi. Intel walieleza mwaka 2012 kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo. Sogeza diski mbali na antena, tumia waya wenye kinga nzuri, na vifaa vinavyoweza vihamie 5 GHz. Baadhi ya ruta zina swichi ya kuishusha poti iwe USB 2.0, na kwa ruta ya megabiti 100 hupotezi chochote.

Umeme ukikatika hovyo kwenu, ruta na habu zikae kwenye UPS moja ndogo yenye pato la 12V na 5V. Ukiiokoa ruta peke yake, diski itazimika ikiwa katikati ya kuandika, na umeme ukirudi kuna ruta ambazo haziioni tena mpaka uzizime na kuziwasha.

Na usifungue poti 21 (ya FTP) wala 445 (ya SMB) kwa intaneti ili usome diski ukiwa kazini. Februari 2014 wadukuzi waliingia kwenye diski zilizochomekwa kwenye ruta za ASUS. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitaja zaidi ya diski 12,900, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Ukihitaji kuifikia ukiwa mbali, washa VPN ya ruta (njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa nyumbani) kama inayo.

Ukikwama, rudi hapa na vitu hivi: maandishi ya lebo ya adapta ya ruta na ya diski, modeli ya ruta na toleo la famwea, matokeo ya jaribio la flashi, picha ya CrystalDiskInfo (ficha namba ya serial ya diski), na Test-NetConnection imejibu True au False.