Hiyo 5.4 ni kazi ya dawa, mkuu, usiitupe

Mkuu simama hapo hapo, hicho kidonge usikiache. Umeandika kwamba umepima sukari asubuhi kabla ya kula ukapata 5.4, unajisikia mwepesi, na kuna dada kazini kwenu kakwambia ukishafika hapo metformini, kidonge chako cha sukari, unaweka kando unaendelea na unga wa mbegu za parachichi. Walionitangulia kuchangia wanakupa hongera. Hongera ya nini? Hiyo 5.4 imeletwa na dawa unayotaka kuiacha! Unamfukuza mlinzi kwa sababu wezi hawaji siku hizi.

Na ile kauli yako, "najiamini, mwili wangu naujua", niliwahi kuitoa mimi nikiwa na vidole kumi vya miguu. Sasa ninavyo tisa.

Mimi nilipotoshwa na jamaa wa virutubisho. Suti, viatu vinang'aa, semina kwenye ukumbi wa hoteli, shuhuda mpaka kina mama wanalia. Kumbuka nilikuwa nimetoka kliniki ambako nesi alisoma sukari yangu kwa sauti, benchi zima likageuka kuniangalia, kisha akaniuliza mbele ya watu kama soda nimeziacha au bado. Niliondoka pale nimenywea. Huyu wa suti yeye aliniita bosi, akaniagizia chai, akanisikiliza. Akasema vidonge vinaozesha figo (uongo: kinachoharibu figo ni sukari ikikaa juu, metformini hupunguzwa au kusimamishwa kama figo tayari zimechoka, na hilo daktari huliona kwenye vipimo vya damu). Akanifundisha kila asubuhi nijitazame kwenye kioo niseme "mimi si mgonjwa". Nikasema. Mke wangu akidhani naongea na simu.

Nikaacha dawa. Na aisee, nilijisikia vizuri, hapo ndipo pabaya. Sukari haiumi. Kukojoa usiku nikasema ni maji mengi ninayokunywa, miguu kufa ganzi nikasema ni viatu. Kupima nako nikaacha, eti strip za kupimia ni ghali, wakati kopo moja la yule bwana lilikuwa linanunua strip za kutosha na chenji ya nauli inabaki.

Siku moja nimetoka dukani jioni na kandambili. Nikala, nikalala. Asubuhi mke wangu anaonyesha alama za damu sakafuni, kutoka mlangoni mpaka chumbani, upande wa mguu wa kushoto tu. Nikamuuliza nani kachinja kuku. Msumari mfupi wa bati ulikuwa umepenya soli ukaingia chini ya kidole kidogo, na mimi nimeutembelea njia nzima bila habari. Kuutoa niliutoa kwa koleo, sikusikia kitu. Hata hapo sikwenda hospitali, nilipaka asali na ule unga wa yule bwana! Nilipokuja kwenda, kidonda kilikuwa kinanuka mpaka abiria kwenye daladala wananihamia. Mashine ikaandika HI. Nikadhani inanisalimia. Kumbe sukari imepita uwezo wa mashine kuhesabu, na nyingi zinakomea 33 hivi. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, ikaja kumi na moja na ushee, wakati wengi wetu tunaambiwa tukae chini ya 7. Kidole kikaondoka. Halafu kusafisha kidonda, dawa, kulala, likizo bila malipo. Shamba la Mkuranga limeishia kwenye bandeji.

Nikampigia yule bwana. Unajua alisemaje? "Bosi, ulikosa imani." Mtu kanichukulia hela, kidole kimekatwa, na kosa ni la imani yangu! Siku hizi nasikia anatibu presha.

Utaambiwa Wazungu wanaacha dawa na wanapona. Kuna utafiti wa Uingereza, DiRECT, matokeo yake yalitoka 2017, na kweli karibu nusu ya waliopewa mpango ule walimaliza mwaka bila dawa na sukari ikiwa chini. Ila walikuwa watu wasiotumia insulini, walioishi na sukari chini ya miaka sita, wakanywa lishe maalumu ya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi kadhaa, wakapungua kilo nyingi, na dawa walisimamishiwa na wahudumu wa afya waliokuwa wakiwafuatilia. Wewe una unga na dada wa ofisini.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: dozi haiguswi nje ya chumba cha daktari. Kuongeza, kupunguza, kuacha, vyote hapo. Nenda na daftari la namba zako, omba HbA1c, mwambie wazi unataka kupunguza. Mimi kujiamini kulirudi kwa vitu vidogo tu. Nesi mwingine, mpole, aliniuliza ni jambo gani moja naweza kulifanya kila siku bila kushindwa. Nikamwambia kidonge cha usiku baada ya kula. Akasema basi anza na hicho. Kilipozoeleka nikaongeza kukagua nyayo kwa kioo, kioo kile kile cha "mimi si mgonjwa", sasa kinafanya kazi ya maana.

Uliuliza pia mambo ya dona, sindano na kufunga Ramadhani. Dona nayo ni wanga, pima tonge. Mengine watakuja wanaojua, ila la kufunga kamuulize daktari kabla mwezi haujaandama.

Na kama sababu ya kweli ni kwamba metformini inakuharishia, sema hivyo kliniki, usione aibu. Meza na chakula, na ipo inayoachia dawa polepole. Mimi nilibadilishiwa, wenzangu ofisini wakarudishiwa choo chao.