Moyo kwenda mbio na kizunguzungu ninaposimama: ni umri tu?

Swali: Daktari, nina miaka 48. Huu ni mwezi wa nne, kila nikiinuka kitandani au nikisimama ghafla naona giza, kizunguzungu kinanishika na moyo unadunda kama nimetoka kukimbia. Nikikaa, dakika mbili haziishi hali inatulia. Hedhi nayo imevurugika: inakuja kila baada ya wiki tatu, inakaa siku nane, na ina mabonge. Natumia haidroklorothayazidi miligramu 25 kila asubuhi kwa ajili ya presha. Nilipimwa nikiwa nimekaa, ikasoma 124/80, nikaambiwa ni umri. Ni kweli?

Jibu: Kipimo cha 124/80 hakijibu swali lako, dada, kwa sababu umepimwa umekaa na shida yako inakuja ukisimama.

Mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi hushuka miguuni na tumboni. Mishipa ya shingo ina vihisi vinavyogundua presha inaanguka, na papo hapo mishipa hujibana na moyo huongeza kasi. Mapigo kupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika ni kawaida. Yakipanda kupita hapo, moyo unafidia kitu, na kazi yetu ni kujua unafidia nini.

Jipime nyumbani kwa mashine ya mkononi, asubuhi, ukiwa umeshakwenda haja ndogo na hujanywa kahawa. Lala chali dakika 5, pima presha na mapigo, andika. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Kama presha haijashuka, endelea hadi dakika ya 10. Mkono unaopimwa uegemezwe usawa wa moyo hata ukiwa umesimama. Ukiuacha uning'inie, mashine itasoma presha ya juu kuliko ilivyo, na tatizo litajificha. Awepo mtu karibu, na kizunguzungu kikizidi kaa mara moja. Rudia siku tatu.

Tuseme umelala inasoma 126/80, mapigo 76, na dakika 1 baada ya kusimama ni 102/72, mapigo 106. Namba ya juu ya presha imeshuka kwa 24, na kushuka kwa 20 au zaidi (au 10 kwa namba ya chini) ndani ya dakika 3 si kawaida. Lakini tazama mapigo: yamepanda kwa 30. Hapo neva zinafanya kazi, kilichopungua ni damu au maji. Kama presha ingeshuka hivyo na mapigo yakapanda 5 tu, ningefikiria neva zilizoathirika, mfano kwa kisukari cha muda mrefu, au dawa zinazozuia moyo kuongeza kasi kama atenolo. Na presha ikibaki palepale huku mapigo yakipanda 30 au zaidi, hiyo ni njia nyingine ya uchunguzi, ingawa nayo huanza kwa kuangalia damu, maji na tezi ya shingo.

Kwa maelezo yako, nashuku mambo mawili yanayosaidiana: damu unayopoteza na dawa yako ya presha, ambayo inakukojoza. Umri una mkono wake, kwa kuwa homoni zinazoyumba kuelekea ukomo wa hedhi huweza kuurusha moyo. Ila mapigo ya namna hiyo mara nyingi huja na joto la ghafla na jasho, hata ukiwa umelala. Yako yanatulia ukikaa.

Omba picha kamili ya damu pamoja na feritini (kipimo cha akiba ya chuma), maana wingi wa damu (himoglobini) unaweza kusoma 12 na akiba ya chuma ikawa imekwisha. Ongeza potasiamu na sodiamu (dawa yako huzishusha, na potasiamu ikiwa chini moyo hukosa mpangilio), figo, sukari, tezi ya shingo, kipimo cha umeme wa moyo, na cha mimba pia, usicheke. Hedhi ya aina hii baada ya miaka 45 ichunguzwe na daktari wa wanawake kwa ultrasaundi, na huenda akachukua kinyama cha ukuta wa kizazi. Kumeza chuma huku damu inamwagika ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Dawa ya presha usiiache mwenyewe. Peleka vipimo vyako kwa aliyekuandikia, yeye ndiye wa kupunguza au kubadilisha.

Kwa sasa, kabla ya kuinuka kitandani kunja na kunjua nyayo mara 20, kaa ukingoni dakika 1, ndipo usimame. Glasi mbili za maji kabla ya kutoka kitandani husaidia. Giza likianza huku umesimama, pishanisha miguu na kaza mapaja na makalio kwa nguvu. Usiongeze chumvi, kwa sababu una presha.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukizimia, moyo ukienda mbio bila kukoma hata ukiwa umetulia, mapigo yakiwa hayana mpangilio, ukipata maumivu ya kifua au pumzi kukata, choo kikiwa cheusi kama lami, au ukilazimika kubadilisha pedi iliyolowa kila saa kwa saa mbili mfululizo.