Kile kikombe kilikuwa kitupu

Mtoto wa mama mdogo kaniandikia kutoka Tanga: "Shikamoo kaka. Nimechaguliwa Dar, uhandisi, chuo kinafunguliwa karibuni. Lakini roho yangu iko huko uliko. Niambie ukweli, raha ipo? Na usinifiche kama unavyotuficha wote."

Ujumbe huo niliusoma ndani ya tramu, huku Leipzig, Ujerumani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natoka kazini, mikono inanuka maboksi. Nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka. Miaka minne nilidhani nawaficha vizuri, kumbe mtoto wa juzi ananisoma yuko Chumbageni!

Basi mdogo wangu, nakujibu hapa hadharani, maana wanaoniuliza swali lako ni wengi, na nimechoka kuwajibu "tunamshukuru Mungu" halafu natuma picha.

Tuanze na hizo picha. Ile ya Desemba 2022, ambayo shangazi kaisafisha na kuitundika sebuleni: nimesimama kwenye soko la Krismasi hapa Leipzig, taa zinawaka nyuma, kikombe chekundu mkononi, nimekenua meno. Mkaandika, "Kaka unakula maisha." Kile kikombe kilikuwa kitupu. Pale wanauza vinywaji vya moto, na unapolipia kinywaji unaweka na amana ya kikombe. Ukikirudisha unapewa pesa yako. Wenye haraka zao huviacha mezani. Mimi nilikiokota. Picha ilipokwisha kupigwa nilikwenda dirishani kukirudisha, nikapata euro chache, nikanunua mkate na mayai. Koti nalo lilikuwa la Mkamerun wa chumba cha tatu.

Niseme kuhusu pesa, kwa sababu hapo ndipo sisi nyumbani tulipokosea hesabu. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada hata kwa mgeni. Havifanani vyote, jimbo la Baden-Württemberg kwa mfano linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini vingi ni bure. Neno "bure" lilipoingia kwetu, hakuna aliyesikiliza tena sentensi iliyofuata. Sentensi iliyofuata ni hii: kabla ya viza unaonyesha pesa ya kuishi mwaka mzima, na wengi wetu tunaifungia kwenye akaunti wanayoiita Sperrkonto. Mwaka wangu, 2021, ilitakiwa euro 10,332, kama shilingi milioni 28. Mwaka 2024 ikapanda mpaka 11,904. Kiwanja cha marehemu baba kule Pongwe kikauzwa. Mama akakopa kwenye SACCOS ya walimu, na mpaka leo anakatwa.

Pesa ile si ada, na hakuna anayeila. Ni yako, unafunguliwa kidogo kidogo kila mwezi. Mimi nilikuwa napata euro 861. Toa chumba cha hosteli, toa bima ya afya ambayo ni lazima na inazidi euro 100 kwa mwezi, toa mchango wa muhula, ambao afadhali una nauli ya tramu ndani yake. Kinachobaki ni chakula na simu. Inatosha, ukiwa na adabu ya tumbo.

Balaa lilikuja baadaye. Kibali cha ukaazi kinapokaribia kuisha, ofisi inakuuliza tena: kipindi kijacho utaishi kwa nini? Nyumbani hakuna aliyejua kuwa swali lile linarudi. Sote tulidhani kiwanja kinauzwa mara moja. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mwanafunzi, hakuna huku, Bodi ya Mikopo haikujui, na mama hana kiwanja kingine. Ningempigia nimwambie nini, auze nyumba?

Nikaenda kubeba boksi. Huko kwetu neno hilo tunalitumia kuwacheka watu wa majuu. Mimi mwenyewe nikiwa kidato cha tano nilimcheka nalo kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa Uingereza. Naomba radhi yake. Mimi nayabeba kweli, si kwa mafumbo. Ni ghala la vifurushi nje ya mji, zamu inaanza saa nne usiku, mkanda unakwenda na wewe unakwenda nao. Mwanafunzi wa kigeni wakati ule aliruhusiwa siku 120 kamili kwa mwaka, tangu Machi 2024 ni 140. Nilianza kwa euro 12 kwa saa, kima cha chini cha wakati huo. Shangazi akasikia saa moja ni karibu elfu thelathini, akaniagiza simu. Shangazi, nakuheshimu sana, lakini hata mkate huku nanunua kwa euro hizo hizo.

Ghala hilo limenifundisha Kijerumani kuliko mwalimu yeyote. Nimefunzwa na Wasiria, Wahindi na mzee mmoja Msaksoni asiyejua kunong'ona. Kama kungekuwa na mtihani wa matusi tu, cheti changu kingekuwa C2, ngazi ya juu kabisa ya lugha.

Sasa shule yenyewe. Hapo Dar utakuta majaribio, kazi za nyumbani, alama 40 unaziokota njiani kabla hujafika kwenye mtihani wa mwisho, na kiongozi wa darasa anayepiga kelele kwenye grupu kuwa kesho kuna jaribio. Huku, kwenye masomo yangu mengi, hakuna anayeita majina na alama zote ziko kwenye karatasi moja mwisho wa muhula. Nikaona huo ndio uhuru. Natoka ghalani alfajiri, muhadhara wa hesabu uko saa tatu, yaani saa tatu na robo, kwa sababu hawa watu wanaosifiwa dunia nzima kwa kutunza muda wana desturi ya chuo ya kuanza robo saa baadaye. Nakaa safu ya nyuma, nalala. Hakuna aliyeniamsha. Februari 2023 nikafanya mtihani wa hesabu, nikapata 5.0.

Hapa nakiri jambo. Alama za huku zimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ngazi ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umefeli. Mjomba amesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwake yeye GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Muhula ule ule nilimwambia nimepata 1.7 kwenye somo jingine, akanyamaza, kisha akanipa moyo kwa upole, "Usikate tamaa mjomba, inapanda taratibu." Basi alipouliza na hesabu je, nikamjibu kweli tupu: "Hesabu nimepata 5.0."

Akapiga kelele. Akawaambia wote. Mama akapika pilau akaita majirani, nikatumiwa picha ya sinia. Sikusema uongo hata neno moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, nikaifanya kiangazi, nikiwa na zamu nne kwa wiki. 5.0 tena. Ikabaki ya tatu, na chuoni kwangu ukifeli ya tatu umedisko. Si kudisko kwa kurudia mwaka: unaondolewa kwenye kozi, vyuo vingine vya Ujerumani navyo vinaweza kukukatalia kozi hiyo hiyo, na kibali chako kimesimama juu ya kozi. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba nilikuwa naamka usiku wa manane natazama bei za tiketi ya kurudi Dar, si kwa sababu nilikuwa na nauli.

Aliyeniokoa ni Mjerumani niliyekuwa simpendi. Tunatumia jiko moja, na badala ya kusema huandika. Karatasi kwenye jokofu: tafadhali kausha sinki. Karatasi mlangoni: tafadhali usikaange samaki baada ya saa nne usiku. Kwetu mtu mwenye neno anakuja analisema, mnagombana, mnakula. Huyu miezi kumi ananiandikia vikaratasi kama mahakama. Usiku mmoja akanikuta jikoni, madaftari mbele, macho mekundu. Hakuuliza kitu, akachemsha maji yake akaenda zake. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni: "Jumanne, saa kumi na mbili jioni, hesabu. Napika mimi."

Kila Jumanne mpaka Februari. Tambi zisizo na chumvi wala pilipili, na mtu anayeweza kueleza jambo lile lile mara tano bila kubadilisha sauti. Mtihani wa tatu nikapata 4.0. Nilipoona matokeo nilikaa chini palepale kwenye ngazi za chuo. Mjomba nilimwambia pia. Akasema, "Naona umeshuka kidogo, lakini si haba."

Sijakwambia baridi, na baridi inasemwa mno. Baridi unanunua koti. Giza ndilo hakuna anayekuonya. Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwishazama. Ukiwa mtu wa zamu za usiku unaweza kumaliza wiki hujaliona. Jumapili maduka yamefungwa, mtaa mzima kimya, na hakuna wa kumwambia hodi. Ramadhani yangu ya kwanza, Aprili 2022, magharibi ilikuwa saa mbili usiku, nikafuturu tende na biskuti nikisikiliza kwenye simu mwadhini wa mtaani kwetu niliyemrekodi kabla sijaondoka. Siku hizi tunafuturu pamoja, Waindonesia, Wasudani na mimi, na nazi ya kopo si mbaya kama nilivyoiapia.

Ubaguzi upo. Umeomba ukweli. Nafasi ya pembeni yangu kwenye tramu hujaa mwisho. Nimepiga simu kuulizia chumba, wakasikia lafudhi, chumba kikawa "kimechukuliwa tangu jana," Mkamerun akamwomba Mjerumani apige dakika kumi baadaye na chumba kikawa kipo. Inauma, na haizoeleki kama wanavyosema. Lakini kwenye tramu hiyo hiyo mzee mmoja wa miaka themanini na kitu alinisikia naongea na mama kwenye simu, akangoja nimalize, akasema kwa Kiswahili kilichoota kutu, "Habari gani? Mimi Kikwajuni." Enzi za ujana wake, mtu wa Ujerumani Mashariki, alikuwa Zanzibar wakati wanajenga yale magorofa baada ya Mapinduzi ya 1964. Alikumbuka jambo moja kwa undani kuliko yote: urojo. Tuliongea mpaka nikapitiliza kituo changu, na yeye cha kwake.

Raha ipo wapi basi? Ipo karakana. Shuleni kwetu mashine ya kukereza vyuma ilikuwa moja, na wanafunzi arobaini tulikuwa tunaitazama kwa zamu. Huku nilipewa ufunguo wa karakana na kuambiwa chuma hiki hapa, nenda kakiharibu. Nikakiharibu, wakanipa kingine. Muhula huu profesa mmoja kaniajiri msaidizi wa maabara, saa chache kwa mwezi, nawaonyesha wa mwaka wa kwanza jinsi ya kufunga kipande kisiruke. Ghalani nimebakiza Ijumaa tu. Nikiwa pale mbele ya mashine, mdogo wangu, sitamani kuwa mahali pengine popote, hata Tanga.

Kwa hiyo unachouliza nakujibu hivi, na ukikasirika kasirika. Nenda Dar. Usiiache nafasi ya mkononi. Ukiwa Dar jiandikishe Kijerumani pale Goethe-Institut, Upanga, jioni baada ya vipindi. Ukifika B1, ngazi ya kati ya lugha, na bado roho iko huku, tutazungumza kwa vitendo. Ulizia mapema cheti chako kinahesabiwaje: mimi cha kwangu hakikuniingiza chuo moja kwa moja, nilikula mwaka mzima kwenye Studienkolleg, shule ya maandalizi, na mwaka huo nao unakula pesa. Na shamba la baba yako la Muheza lisiuzwe. Najua mmeanza kulizungumza, mama mdogo kaniambia. Lisiuzwe kabla hujaona mwenyewe, kwenye karatasi, pesa ya mwaka wa pili itatoka wapi.

Mama, najua utaisoma hii, shangazi hatashindwa kukuonyesha. Ile pilau ya Februari ilikuwa ya mtihani niliofeli. Nilifeli mara mbili. Ukipiga usiku wa Ijumaa nisipopokea, siko maktaba kama nilivyokwambia. Deni la SACCOS nimeanza kulitengea kitu kila mwezi, si kingi, nitakutumia kwa pamoja mwezi wa kumi na mbili, na safari hii hutaambiwa ni pesa ya tuzo.

Mjomba naye nitamweleza mwenyewe habari za alama, asielezwe na mtu.

Mdogo wangu, nitakupigia Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo huku wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo tutapishana saa mbili badala ya moja. Usije ukakaa na simu mapema ukadhani nimeingia mitini.