Kikundi changu cha wanawake: wanalia, wanaondoka. Nibadilishe nini?

Swali: Mimi ni mhudumu wa jamii Mbagala. Nina wanawake 34, wengi mama lishe na wauza mboga, baadhi wameachiwa watoto. Kila Jumanne tunakutana, mmoja mmoja anaeleza yaliyomkuta, tunalia, tunafarijiana. Sasa mahudhurio yanashuka, na mfadhili anataka kuona kwa namba kama matumaini yao yamepanda. Nibadilishe nini, nipime vipi, na je, niingize kikoba humo humo?

Jibu: Dada, pole na kazi. Tuanze na idadi. Watu 34 ni mkutano, na kwenye mkutano wanaongea walewale watano. Wagawe katika vikundi vitatu, kila kimoja kama watu 11, kisha ufunge mlango: asiongezwe mgeni katikati. Kuna kozi ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda ambayo hubeba hadi watu 30, lakini ile huendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa. Yako ni ya kuzungumza.

Kuhusu kinachofanyika ndani, kilio kipewe nafasi, ila kisimalize kikao. Mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, aliligawa tumaini katika mambo matatu: lengo, njia za kulifikia, na msukumo wa kuamini kwamba njia hizo naziweza. Kikao chenu kinagusa huzuni tu, hayo matatu hayaguswi.

Chukulia mama anasema, "Nataka maisha mazuri." Hiyo ni dua. Mbane kidogo: kwa mwezi huu, nini? Atakwambia anataka kutoka kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Hapo sasa pana kazi. Anadaiwa kiasi gani? Marejesho ni ya kila siku au ya wiki? Wenzake wataje njia: kuomba rejesho lipunguzwe, kuacha kukopa huku ili alipe kule, kuuza chai na maandazi alfajiri kabla ya wali wa mchana. Achague moja, yenye hatua anayoweza kuimaliza kabla ya Jumanne ijayo. Halafu uliza swali ambalo waendeshaji wengi hulisahau: nini kitakukwamisha? Mtoto akiugua? Mume akichukua mtaji? Njia ya pili itafutwe palepale. Wiki inayofuata mnaanzia hapo, na aliyekwama asisutwe, mnabadili njia. (Zile semina za kupigiana makofi "unaweza, unaweza!" waachie wengine. Mwenye rejesho la saa kumi jioni hazimsaidii.)

Vipindi vinane vya saa mbili vinatosha kuanzia, na mwisho wake ujulikane tangu siku ya kwanza.

Kwenye vipimo ndipo wengi hujidanganya. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 kutoka Masaka na Rakai, Uganda, uliendesha vikundi vya wiki 16 chini ya wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Inafurahisha, lakini angalia vijiji ambavyo havikupewa kikundi: navyo vilishuka, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Watu hupata nafuu hata wakiachwa. Ungewapima hao wa pili peke yao, ungeandika ripoti ya ushindi kwa kazi ambayo haikufanyika.

Kwa hiyo pigeni kura kama ya mchezo wa kupeana pesa (upatu): kikundi kipi kianze, vipi visubiri. Siku unayowapima wanaoanza, wapime na wanaosubiri. Rudia vipindi vikiisha, na tena miezi mitatu baadaye. Walioacha kuja wafuate majumbani uwapime pia, maana ukihesabu waliobaki tu, namba zitapendeza bure.

Dodoso la tumaini la Snyder lina sentensi 12, nane ndizo zinazohesabiwa, nne ni za kujazia. Ongeza lile fupi la Shirika la Afya Duniani: maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4. Aliye chini ya 50 mwangalie kwa karibu. Badiliko la pointi 10 ni la maana. La pointi tatu usilipigie vigelegele. Wasomee kwa sauti, tena asome mtu mwingine. Wewe wanakupenda, watakujibu ya kukufurahisha.

Mwenye dalili za kutaka kujidhuru muulize waziwazi, faraghani. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali kwamba yapo, msindikize siku hiyohiyo hospitali ya Temeke au Muhimbili, usimwandikie tu karatasi. Anayepigwa nyumbani, mshirikishe afisa ustawi na Dawati la Jinsia la polisi kwa ridhaa yake, na asishinikizwe kusimulia mbele ya wenzake. Mbagala nyumba zimebanana, maneno hufika kwa mume kabla yake.

Kikoba? Kianzisheni, pesa ni sehemu kubwa ya mawazo yao. Ila msikichanganye na kikao, kiwe na siku yake na mweka hazina wake ambaye si wewe. Asiye na hela ya hisa atakaa nyumbani, na mara nyingi ndiye uliyekuwa unamhitaji Jumanne ile.