Usilipie hiyo ignaita ya Corolla 100

Usilipie hiyo ignaita, yaani kile kifaa cha umeme kinachoiwashia na kuikatia koili mkondo ili plagi zipige cheche. Umeandika kwamba umeshusha injini ya 5A-FE ya Corolla AE100 yako, umepata nyingine ya 4A-FE isiyo na nyaya, na muuza spea anakupa koili (inayozalisha umeme mkubwa wa cheche) ya gari moja na ignaita ya gari jingine kwa maelezo kwamba soketi inaingia. Ukauliza zifungwe wapi. Maneno hayo ya soketi kuingia niliambiwa na mimi, nikayaamini, na yakanigharimu kuliko injini yenyewe.

Nilifanya badiliko hilo hilo hapa Dodoma. Injini niliagiza Dar es Salaam, ikafika juu ya lori huku nyaya za distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, zimekatwa kwa koleo, zimebaki vipande vya urefu wa kidole. Nilipompigia muuzaji, aliniapia kwamba ignaita za Toyota ni zile zile, akanitumia moja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye gazeti, haina hata kile kipande cha bati cha kuifungia. Fundi wangu hakuuliza bati liko wapi. Aliichomeka, gari likawaka, akaifunga kwa mikanda ya nailoni kwenye mpira wa maji, karibu na ekzosi, akapokea hela yake.

Ignaita ya nje ya aina ile hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri, kupitia mwili wake wa chuma, na mwili huo huo ndio unaotoa joto kwenda kwenye bodi. Ukiining'iniza kwenye mpira umeinyima vyote viwili. Ile yangu iliungwa ethi kwa kijiwaya chembamba kilichobanwa chini ya nati yenye rangi, na kwa wiki mbili za safari fupi za mjini sikuona kasoro yoyote.

Wiki ya tatu nikampeleka mama msibani Manyoni. Tulipoanza kupanda mlima wa Saranda, injini ilizima ghafla bila kukohoa, na nikaona mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri wakati gari bado linasukumwa na mwendo wake. Ukiona hivyo, shuku mfumo wa moto kwanza, kwa sababu petroli ikikatika injini hufa kwa kusuasua. Tulikaa juani kama dakika arobaini, ikawaka, tukaenda kilomita tatu, ikazima tena. Mama alimaliza maji ya chupa mbili na msibani tukakuta marehemu ameshazikwa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa bado. Fundi wa kandokando ya barabara alisema ignaita imelala na inahitaji kuamshwa, akachukua waya wa betri akaugusisha kwenye waya wenye alama ya T. Waya huo, unaoitwa IGT, hutoka kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na hubeba mapigo ya volti 5 hivi. Yeye akaurudishia volti 12. Nilipofungua boksi baadaye harufu ya kuungua ilikuwa bado imo ndani, na kwenye ubao kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Gari lilivutwa hadi Dodoma, nikanunua kontroli boksi, distributa na koili upya, na yule muuzaji aliyeniapia akanijibu kwamba vitu vya umeme havirudishwi. Nimemkasirikia hadi leo, kwa sababu anajua vitu vyake, na alijua anachoniuzia.

Kwa hiyo chukua mfumo wa moto wote kutoka gari moja: distributa, koili, ignaita pamoja na bati lake, kontroli boksi, na nyaya zenye soketi ambazo hazijakatwa. Kama muuzaji hana seti nzima, iache injini hiyo hata kama bei ni nzuri.

Kutambua kunaanzia kwenye mfuniko wa distributa. Ukikuta matundu manne tu ya waya, yote yanaenda kwenye plagi na koili imo ndani ya distributa, basi hiyo koili ya nje unayouziwa haina kazi yoyote. Ukikuta matano, la katikati linapokea waya wa koili ya nje, na hapo ndipo swali lako la koili linapoanza. Injini za 4A-FE zipo za namna zote mbili. Kisha soma namba badala ya kutazama umbo: ignaita za Toyota huanza na 89621, koili na 90919-02, kontroli boksi ya injini na 89661. Linganisha hadi tarakimu za mwisho na zilizokuwa kwenye gari lililotoa injini. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha zikatofautiana humo ndani.

Katika kufunga, weka ignaita kwenye chuma cha bodi mbali na ekzosi, kwaruza rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha pima ukinzani kwa multimita kati ya mwili wake na negativu ya betri. Usomaji uwe karibu na sifuri. Mtu yeyote asiguse waya wa T wala wa F kwa betri au kwa taa ya kupimia. Waya wa F, yaani IGF, ndio unaoiambia kontroli boksi kwamba cheche imepigwa, na taarifa hiyo ikikosekana boksi hukata petroli. Kuthibitisha, unganisha kwa kijiwaya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti, washa swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya injini: ikimulika mara moja, ikatulia, ikamulika mara nne, hiyo ni namba ya kasoro 14, na tatizo liko kwenye njia hiyo ya IGF. Mimi kipimo hicho nilifundishwa baada ya kulipia boksi la pili.

Weka hapa picha ya mfuniko wa distributa uliyopewa, na ya lebo ya kontroli boksi iliyomo kwenye gari sasa hivi, kabla hujatuma hela.