Maswali yenu: utumbo wa mtoto unapambana vipi na virusi?

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu watoto kuharisha, na huku kwetu Kusini mvua zikianza ndo hivo tena, najibu manne.

Mama, Tandahimba: "Mwanangu na wa jirani walianza kuharisha siku moja, mwenzie kapona, wangu bado. Kwani utumbo una kinga yake?"

Unayo mama, tena kali. Seli zinazofunika utumbo kwa ndani hazikai kusubiri chembe nyeupe za damu zije, zenyewe zinajilinda. Kirusi kikiingia kwenye seli moja, ile seli inakishtukia inaachia protini inaitwa intaferoni, ni kama mtu kavamiwa usiku anapiga yowe, majirani wanaamka wanakaza milango. Seli za pembeni zikipata hiyo taarifa zinawasha mamia ya jeni, nyingine kazi yake kukatakata RNA ya kirusi, yani maelekezo yake ya kujizalisha, nyingine kusimamisha utengenezaji wa protini ili kirusi kikose pa kuzalia. Yani intaferoni yenyewe haiui kirusi, hapo watu wengi wanachanganya. Wanasayansi Isaacs na Lindenmann waliigundua London 1957, ila aina ya lamda, ambayo kwa utumbo ndo muhimu hasa, imejulikana 2003 tu. Uzuri wake vipokezi vyake, yani sehemu za seli zinazopokea taarifa yake, viko zaidi kwenye seli za utando kama za utumbo na njia ya hewa, sio mwili mzima, ndo mana inalinda bila kuwasha uvimbe mkubwa. Na kwenye panya imeonekana ikisaidiana na protini nyingine ya taarifa, intalukini 22, rota, kirusi kinachoharisha sana watoto, inabanwa vizuri zaidi. Sasa umri, lishe, chanjo na wingi wa virusi alivyomeza, vyote vinachangia nani atangulie kupona.

Kaka wa boda, Nachingwea: "Kama iko hivo mbona rota bado inawalaza watoto?"

Kwa sababu rota nayo imejipanga. Ina protini yake, NSP1, inavunja zile protini ambazo seli inazitumia kuwasha intaferoni, kwa hiyo taarifa inachelewa. Seli zinazokufa ndo zile za kunyonya maji na chakula, mtoto anaharisha maji matupu. Ila utumbo unajiotesha seli mpya kila siku 3 mpaka 5, mtoto akibaki na maji mwilini muda wote huo anapona, anayekufa kwa kawaida ni yule aliyeishiwa maji.

Dada, Mikindani: "Duka la dawa wamenipa Flagyl, nimpe?"

Hapana dada, hiyo ni dawa ya bakteria na amiba, kwa kirusi haifanyi kitu. Mpe ORS kidogokidogo, zinki siku 10 hadi 14 hata akiacha kuharisha mapema, na azidi kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, kalegea au hanywi kabisa, mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo.

Baba, Newala: "Chanjo ya rota kapata zote, mbona kaharisha?"

Chanjo hiyo tunayo nchini tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10, na inazuia rota peke yake, noro, kirusi kingine cha kuharisha, na bakteria haivigusi. Hata rota yenyewe inaweza kumpata, ila mara nyingi inakuwa nyepesi, na hapo ndo inapookoa maisha. Kwa hiyo mdogo wake akizaliwa, wiki ya 6 mpeleke kliniki, hata kama ni katikati ya msimu wa korosho.