Nimnyweshe ng'ombe muluku kwa ndigana isiyoisha?

Swali: Daktari, salamu kutoka Nakaseke, Uganda. Ng'ombe wangu chotara aliugua amakebe (ndigana kali, ugonjwa wa kupe), akachomwa dawa yake, buparvakwoni, akapona. Huu mwezi wa tatu amekonda, maziwa yamepungua na ufizi umekuwa mweupe. Jirani anasema nichemshe muluku na mwarobaini nimnyweshe kila wiki. Nifanye hivyo?

Jibu: Hapana mama, muluku usimnyweshe. Muluku, au utupa kwa Kiswahili, ndio mmea huo huo wazee hutwanga na kutia mtoni kulewesha samaki. Sumu yake ni rotenoni. Mahali pake ni juu ya ngozi, kwa kupe. Mwarobaini nao hautaondoa kilichomo kwenye damu.

Ufizi huo mweupe ndio unaonitia wasiwasi. Ndigana kali, hayo amakebe, hushambulia zaidi tezi na chembe nyeupe. Upungufu wa damu baada ya miezi mitatu hunielekeza kwanza kwenye ndigana baridi, ambayo huharibu chembe nyekundu. Ng'ombe aliyewahi kuipata hubaki nayo mwilini, nayo huibuka tena kiangazi, akikosa malisho au akizaa. Yaweza pia kuwa nagana ya mbung'o. Kwa macho tu hata mimi siwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo mwite daktari wa mifugo amtoboe ncha ya sikio, apake tone la damu kwenye kioo na kulipima kwa hadubini. Kioo kikionekana safi, achukue damu ya mshipa wa shingo ikapimwe maabara, kwa kuwa mnyama aliyeugua muda mrefu huwa na vijidudu vichache. Ndigana baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Nagana haisikii dawa hiyo, hutaka diminazini. Buparvakwoni aliyochomwa haigusi hata moja kati ya hizo mbili. Na atakayekuja na chuma cha moto kuchoma tezi, tafadhali mzuie: ni mateso matupu.

Sasa utupa wako. Twanga majani mabichi, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili maji yashike manyoya. Paka jioni, maana jua huivunja rotenoni upesi. Anza na sikio: likunje, tazama ndani kabisa. Kupe wa kahawia aletaye ndigana kali hujipanga humo, na wafugaji wengi hunyunyiza mgongo wakaliacha. Kupe huyo hunyonya siku kadhaa kabla ya kuambukiza, ndiyo sababu mara mbili kwa wiki husaidia na mara moja kwa mwezi ni kazi bure. Makapi yasifike kisimani wala bwawa la samaki, na nguruwe wasiyaguse.

Utupa hauchukui nafasi ya dawa ya kuogesha. Kama kupe wako hawafi kwa dawa unayotumia, mwambie daktari abadilishe aina. Usichanganye na dawa ya kunyunyiza nyanya, kama nilivyoona kwenye mazizi kadhaa: kupe huzidi kuwa sugu na mnyama hudhurika.

Mpumzishe, mpe majani mabichi, maji karibu na jiwe la chumvi. Akichomwa oksitetrasaiklini, maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa.